Remmy Ongala hakuibwa wala hakuumbwa na Wazungu: majibu kwa madai yanayosikika Maniema

Wimbo wa Remmy Ongala ukipigwa hapa Salamabila, Maniema, mashariki mwa Kongo, hauna haja ya mkalimani. Mchimbaji anayetoka shimoni Namoya, mama anayeuza mihogo sokoni, dereva wa pikipiki aliyetoka Kasongo na matope hadi magotini, wote wanamwelewa tangu neno la kwanza, hata kama hawajawahi kuvuka Ziwa Tanganyika. Tatizo linaanza wimbo unapokwisha na watu wanapoanza kusimulia mwimbaji alikuwa nani. Hapo kila mtu ana habari yake, na nyingi ya habari hizo si za kweli. Nimezisikia kwa vijana, nimezisikia kwa wazee wanaopaswa kujua zaidi, na nimechoka kuzinyamazia. Kila moja inamfuta mtu aliyestahili kukumbukwa.

Nianze na dai linaloniumiza kuliko yote, kwa kuwa linasemwa na watu wa nyumbani: kwamba Remmy ni Mtanzania, na Maniema haina lake.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Wakati huo Kongo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na Maniema ilikuwa sehemu ya Kivu; haikuwa jimbo la peke yake kama ilivyo leo. Alikulia katika mji wa reli na mto, kwenye ukingo wa Lualaba, kati ya watu ambao Kiswahili chao kilifika pamoja na misafara ya pembe na watumwa kutoka Unguja na Bagamoyo. Kasongo na Nyangwe zilikuwa ngome za biashara hiyo enzi za Hamed bin Muhammad, yule Tippu Tip. Majina kama Ramadhani, ambayo huku mara nyingi tunayatamka Ramazani, ni alama ya historia hiyo, iliyo na uchungu mwingi ndani yake. Mtoto wa Kindu hakuhitaji kwenda pwani kujifunza Kiswahili. Alizaliwa nacho.

Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado kijana. Alishika muziki mapema, akapiga ngoma na gitaa, akapita katika bendi za Kongo na za Uganda, na alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 alikuwa mtu mzima wa miaka 31 hivi. Aliitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake pale mjini. Tufikirie hesabu hiyo. Mtu wa miaka 31 ameshaumbika. Ameshajua namna ya kushika gitaa, ameshapoteza wazazi, ameshalala njaa, ameshajua ni maneno gani yanamgusa mtu maskini. Yote hayo aliyabeba kutoka huku. Anayesema Maniema haina lake anazifuta nusu ya siku alizoishi duniani.

Upande wa pili wapo wanaosema kinyume, tena kwa hasira: kwamba Remmy ni wetu peke yetu, Watanzania walituibia. Hilo nalo silikubali, ingawa ningependa moyoni kulikubali. Remmy hakuibwa. Alikwenda kwa miguu yake, akaoa, akazaa, akajenga maisha Sinza, Dar es Salaam, na watu wa Sinza wakampenda kiasi kwamba mpaka leo kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Bendi iliyompa jina, Orchestra Super Matimila, ilichukua jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Ndani yake Wakongo na Watanzania walipiga pamoja jukwaa moja. Batii Osenga alikuwa kwenye gitaa. Cosmas Chidumule, sauti ambayo Dar es Salaam iliijua tangu bendi ya Mlimani Park, aliimba naye. Ukisema walituibia, unamfuta Chidumule, unawafuta wapiga ala wote wa Tanzania waliotoa jasho usiku kucha katika kumbi za mji ule, na unawafuta wasikilizaji waliolipa kiingilio kwa shilingi za shida katika miaka ya 1980, wakati sukari na sabuni zilikuwa za kupanga foleni.

Na kuna jambo la kufikiriwa hapa Salamabila hasa. Mji wetu huu umejaa watu waliotoka kwingine kwa ajili ya dhahabu: wa Kivu, wa Katanga, wa Kasai, wa kila pembe. Tunajua mtu anaweza kuwa wa alikotoka na wa alikofika kwa wakati mmoja. Hatumwambii mchimbaji wa kutoka Bukavu kwamba ameibwa. Kwa nini basi tumwambie hivyo mwanamuziki?

Dai la tatu ndilo linalotaka majibu marefu, kwa sababu wanaolitoa ni watu wanaoujua muziki. Wanasema: Remmy hakuwa na jipya, alichukua rumba ya Kinshasa akaitia maneno ya Kiswahili, basi.

Ni kweli kwamba damu ya muziki wake ni ya Kongo. Magitaa yanavyojibizana, gitaa la solo linavyopanda juu wakati rizimu linashika chini, besi inavyotembea bila haraka, hayo yote mtu aliyelelewa na redio ya Léopoldville, Kinshasa ya zamani, anayatambua mara moja. Hakuna sababu ya kuona haya. Lakini sikiliza wimbo wake mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu sikiliza rumba ya Kinshasa ya miaka ileile. Rumba ya Kinshasa, hasa baada ya vijana wa bendi ya Zaïko kuibadilisha, ilikuwa na haraka ya kufika kwenye sebene; maneno yalikuwa mlango wa kuingilia kwenye dansi. Kwa Remmy maneno ndiyo nyumba yenyewe. Anasimulia, anauliza, anabishana na msikilizaji, anamlaumu tajiri, anamhurumia mjane, na magitaa yanamsubiri amalize. Dansi ipo, na ni dansi kali, lakini inakuja ikiwa imebeba hoja. Mwenyewe aliuita muziki wake ubongo beat, kwa kuwa alitaka uguse kichwa kwanza, miguu ifuate. Kinshasa walikuwa na mwanamuziki Franco, ambaye pia alijua kusimulia kwa urefu na kumchoma mtu kwa maneno. Sitaki kumnyima haki yake. Ila Franco aliimba zaidi Kilingala, kwa hadhira ya Kinshasa, akiwa na mitambo, sahani na soko kubwa nyuma yake. Remmy aliimba Kiswahili katika nchi isiyokuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za muziki.

Hilo la mwisho ni muhimu. Dar es Salaam ya wakati ule haikufanana na Kinshasa. Bendi kubwa zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la mji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara. Studio ya kurekodia iliyotegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania, na redio hiyo ndiyo iliyoamua wimbo gani usikike nchi nzima. Kwa hiyo msikilizaji wa Tanzania alizoea nyimbo zenye kisa na onyo, zenye mashairi yaliyopimwa. Bendi za Wakongo zilizoingia, kama Maquis du Zaire iliyotoka Katanga, zilijifunza haraka kwamba Kilingala pekee hakitoshi. Mtu wa Dar alitaka kuelewa anachokichezea. Wanamuziki Wakongo wa Dar walilijua hilo: King Kiki alilijua, Nguza Viking alilijua, Ndala Kasheba alilijua. Remmy alilijua kuliko wote. Alichukua gitaa la kwao na sikio la Mtanzania akavitia katika chungu kimoja, na kilichotoka hakikupatikana Kinshasa wala Tabora.

Wanaodai kwamba ni kuiga tu wanasahau pia kwamba gitaa la Kiswahili halikuanzia Kinshasa. Mwaka 1952 huko Katanga, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana aliyeitwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga gitaa kavu peke yake na kuimba Kiswahili. Wimbo wake Masanga ulisambaa Afrika Mashariki yote, na Mwenda akaja kupiga muziki hadi Nairobi. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Kwa hiyo kabla Remmy hajawa na jina, Mkongo mwenye gitaa na Kiswahili alikuwa ameshasikika mpaka upande wa pili wa bahari. Remmy ana ukoo. Ukoo huo unapita Katanga na Nairobi sawasawa na unavyopita Kinshasa.

Na hata tukikubali kwamba alichukua, kuchukua si kosa katika muziki wa gitaa. Vijana wa mjini wanaopenda roki ya Marekani wananiambia kwamba ule ndio muziki wa asili, wetu ni wa kukopa. Hebu watazame walipokopa wao. Blues ilitokana na wana wa watumwa weusi kusini mwa Marekani. Muddy Waters aliondoka Mississippi mwaka 1943 akaenda Chicago kutafuta maisha, akaunganisha gitaa lake na umeme, na sauti ile ikawa msingi wa roki nzito iliyofuata. Aerosmith, bendi ya Boston iliyoanza mwaka 1970, iliishi juu ya msingi huo kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 2004 ikatoa albamu karibu nzima ya nyimbo za zamani za blues. Hakuna anayesema Aerosmith hawana muziki wao. Kinachosemwa, na ni haki kusemwa, ni kwamba deni litajwe. Led Zeppelin wa Uingereza walishtakiwa na Willie Dixon, mtunzi mweusi wa Chicago, mwaka 1985 kwa sababu ya maneno ya wimbo wao mmoja, na shauri likamalizwa kwa makubaliano. Remmy hakuhitaji kushtakiwa. Alikuwa na wimbo mzima uitwao Muziki Asili Yake Wapi, na jina la wimbo huo tu linaonyesha kwamba swali la deni lilimkaa moyoni. Alitoka mtoni akaenda mji mkubwa, kama Muddy Waters, akabeba sauti ya nyumbani akaipa umeme. Tunampa Mmarekani heshima ya mwanzilishi. Tumpe na mtoto wa Kindu.

Sasa nije kwa wale wanaosema Wazungu ndio waliomwinua, kwamba bila mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel na tamasha lake la WOMAD asingekuwa mtu.

Tarehe zinalikanusha dai hili zenyewe. Remmy alifika Dar es Salaam mwaka 1978. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Makassy alipohamia Nairobi, Remmy alibaki na kujiunga na Matimila. WOMAD walimsikia kwa kanda, wakamwalika Ulaya mwishoni mwa muongo huo. Albamu ya kwanza waliyoitoa, Nalilia Mwana, ya mwaka 1988, ilikusanya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na kupendwa Tanzania. Yaani Wazungu walikuta karamu imepikwa na watu wanakula. Siku ya Kufa ilikuwa imeshaliza watu. Mnyonge Hana Haki ilikuwa imeshaimbwa na wanyonge wenyewe. Mwaka 1989 alirekodi Songs for the Poor Man katika studio za Real World, Uingereza, na mwaka 1992 ikafuata Mambo. Rekodi zile ni safi, zinasikika vizuri kuliko kanda zilizokwaruzwa za Dar es Salaam, na ninashukuru kwamba zipo, kwa sababu bila hizo vijana wengi wa leo wasingemsikia kabisa. Lakini kuhifadhi wimbo ni kazi moja na kumwinua mwimbaji ni kazi nyingine. Waliomwinua ni watu waliojaa kwenye kumbi akiwa hana pasipoti ya Ulaya wala mkataba.

Tena angalia alichofanya baada ya kusikika duniani. Wengi wa kizazi chake walibaki Paris au Brussels. Yeye alirudi Sinza, kwa jirani walewale. Hilo peke yake lingetosha kumjibu anayesema aliumbwa nje.

Dai linalofuata ninalijibu kwa uzito wote nilionao. Kuna wazee wa heshima, wengine ni viongozi wa dini, wanaosema Mambo kwa Soksi ulikuwa wimbo wa matusi, na kwamba mtu aliyeimba hivyo hafai kusifiwa mbele ya watoto.

Ndugu zangu, na wazee wangu, wimbo huo ulitoka mwaka 1990. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka saba iliyofuata vijiji vizima kando ya Ziwa Viktoria vilizika vijana wao. Hakukuwa na dawa kwa mtu wa kawaida. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa kwa wingi katika hospitali za serikali ya Tanzania mwaka 2004. Mwaka 1990 kinga ndiyo iliyokuwa dawa pekee, na kinga haikuwa na jina linalotajika hadharani. Watu walikufa na familia zikasema ni kurogwa, ni kifua, ni malaria. Remmy akasimama jukwaani akataja kondomu kwa jina walilolitumia vijana wenyewe, soksi, akawaambia waitumie. Redio ya serikali ilikataa kuupiga wimbo. Ukasambaa hata hivyo, kwa kanda na kwa midomo, kwa sababu watu waliuhitaji.

Ninauliza: matusi yako wapi? Tusi ni neno la kumdhalilisha mtu. Wimbo ule ulikuwa unamwomba mtu asife. Wanaousikiliza hapa wanaishi katika mji wa machimbo. Kila mtu Salamabila anajua pesa ya dhahabu inavyoingia usiku na kutoka usiku huohuo, anajua wasichana wanaofuata pesa hiyo kutoka vijijini, anajua mwanaume aliyeacha mke mbali na kukaa machimboni mwaka mzima. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilipokuwa ikichimba Namoya watu walimiminika. Uchimbaji wake uliposimama mwaka 2019 kwa sababu ya vita, wachimbaji wa mikono hawakuondoka. Maradhi hayaondoki kampuni inapoondoka. Kama kuna mji ambao wimbo ule ulitungwa kwa ajili yake bila mtunzi kuujua, ni mji wa namna hii. Mzee anayeona haya kuusikia mbele ya mwanawe, namsihi afikirie kama kumzika mwanawe kungekuwa na aibu ndogo kuliko hiyo.

Na siyo kweli kwamba wimbo ule unamwonyesha Remmy kama mtu asiyeheshimu kitu. Huyohuyo aliimba juu ya yatima, juu ya mama aliyefiwa na mtoto. Huyohuyo alitunga wimbo kuhusu Augustine Mrema, waziri wa mambo ya ndani wa Tanzania aliyejipatia jina kwa kuwafikia watu wadogo. Alipoona kiongozi anafanya vizuri alisema, alipoona mnyonge anaonewa alisema. Watu walimwita Dokta kwa sababu nyimbo zake ziliwatibu, bila chuo chochote kumpa shahada.

Kuhusu nywele zake, nitakuwa mfupi. Wapo wanaosema zilikuwa za bangi, au za uchawi. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akamwagiza mtoto huyu asinyolewe. Nywele zile zilikuwa nadhiri ya mama aliyeogopa kuzika tena. Watu wa Maniema wanazijua nadhiri za namna hiyo katika familia zao wenyewe, na wanapaswa kuwa wa mwisho kumcheka kwa ajili hiyo. Ile Sura Mbaya aliyojiita ilikuwa njia yake ya kuwaondolea wengine silaha mkononi, na alivaa jina hilo kwa fahari.

Wengine husema alipookoka alikana muziki wake wote, kwa hiyo nasi tuuache. Ni kweli kwamba miaka ya mwisho, akiwa ameshadhoofishwa na maradhi, aligeukia nyimbo za injili. Ni haki yake, na aliimba injili kwa moyo uleule. Ila tangu zamani nyimbo zake zilikuwa zinazungumza na Mungu kuhusu kifo na kuhusu maskini. Aliyesikiliza Siku ya Kufa kwa makini hawezi kushangaa kwamba mtu yule aliishia kanisani. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na nyimbo za vipindi vyote viwili ziliendelea kupigwa. Mimi sioni ugomvi kati yake.

Nimalizie na dai ambalo halimhusu Remmy moja kwa moja, lakini nalisikia kila mara ninapopita Kasongo, na linatoka katika ugonjwa uleule wa kusimulia tusichokijua. Wanasema wimbo wa Kasongo, ule ambao umevuma tena Kenya tangu mwishoni mwa mwaka 2024 na kugeuzwa jina la utani la Rais William Ruto, uliimbwa kuusifu mji wetu. Hapana. Kasongo wa wimbo ule ni mtu: mke anamlilia mume aliyeondoka arudi nyumbani. Kasongo ni jina la watu kabla ya kuwa la mji, na Katanga limejaa tele. Wimbo ni wa Orchestra Super Mazembe, bendi iliyoanzia Lubumbashi mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, ikapita Zambia, ikafika Kenya mwaka 1974 chini ya Longwa Didos. Mwimbaji wake Kasongo wa Kanema ndiye anayehusishwa na wimbo huo. Hata Shauri Yako, ambayo watu wote wanasema ni ya Super Mazembe, ilitungwa na Nguashi Ntimbo kabla wao hawajaipa umaarufu. Wanamuziki hawa walitoka Kongo wakiwa na gitaa na nguo walizovaa, wakaifanya Afrika Mashariki icheze, na wengi walikufa maskini. Tukiupa mji wimbo wao, tumewanyang'anya kitu cha mwisho walichobaki nacho, yaani jina.

Chanzo cha madai haya yote kiko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Nyimbo zinatufikia kwa kadi ya simu, zimejazwa na kijana mwenye kompyuta sokoni, zikiwa na majina kama "Zilipendwa 14" au "Rumba ya Zamani". Hakuna mtunzi, hakuna bendi, hakuna mwaka. Pale palipo tupu watu hujaza wanachopenda kuamini.

Kwa hiyo neno langu ni kwa vijana hao wanaojaza nyimbo Salamabila, Kasongo na Kabambare, na kwa watangazaji wa redio za jamii za Maniema. Kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyolipwa, maana ninyi ndio maktaba tuliyonayo. Andikeni jina la wimbo na la aliyeuimba kabla ya kuuza. Mtangazaji, ukimaliza kupiga Siku ya Kufa, sema kwa sauti: huyu ni Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, mzaliwa wa Kindu, mkazi wa Sinza. Na yeyote kati ya wazee wa Kindu aliyemjua Remmy kabla hajaondoka, aliyecheza naye, aliyesoma naye, aliyemsikia akipiga ngoma utotoni, tafadhali akae na wajukuu wake mbele ya simu inayorekodi na asimulie sasa, akiwa bado na nguvu ya kusimulia.